Nyota Iliyochechemea

Fundi alipohamia kwa binti yake mdogo alikuja na begi moja la nguo, redio, na kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye shuka. Dereva aliyemleta alikishusha kile kichwa kwa mikono miwili huku akihema, akauliza humu kuna nini, mawe? Fundi akamjibu kwamba hicho ndicho kilichompinda mgongo, na sasa ni zamu ya mgongo wa mtu mwingine.

Miaka arobaini na mmoja alitengeneza cherehani, na hakuwahi kufungua mashine kabla ya kuisikiliza. Mteja akifika alimwambia, "Kanyaga," kisha akainamisha kichwa upande, na mara nyingi alijua tatizo liko wapi kabla mwenye mashine hajamaliza kulalamika. Kisha macho yakaanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho. Ilimla pembeni kwanza, ikaenda ikisogea katikati pole pole, hadi akabakiwa na mwanga na vivuli tu. Siku sindano ilipomchoma kidole mara ya tatu katika wiki moja, alifunga karakana mwenyewe. Hakungoja kuambiwa.

Binti yake nyumbani walimwita Mziwanda, kwa kuwa alizaliwa wa mwisho, wakati kila mtu alishadhani biashara hiyo imefungwa. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane na jina halijamtoka. Alifundisha hesabu sekondari miaka kumi na mmoja, kisha akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamivu katika elimu ya nyota. Aliishi peke yake katika vyumba viwili vya chini kwenye jengo la ghorofa tatu, mwendo wa robo saa kutoka chuoni.

Dada yake mkubwa alitaka mzee aende kwake. "Wewe na nyota zako," alimwambia Mziwanda kwenye simu, "utamsahau mzee wa watu jikoni ukute amekauka."

Lakini Fundi alikuwa ameshaamua. "Kwa Dada kuna wajukuu wanne na runinga mbili," alisema. "Nitakufa kwa kelele."

Alijifunza ile nyumba kwa siku mbili. Hatua saba kutoka kitandani hadi mlangoni, nne hadi kwenye meza, kisha ukuta mkononi mpaka bafuni. Alikataa kushikwa mkono. Alichotaka ni mazungumzo, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Kila jioni Mziwanda akirudi, mzee aliuliza, "Leo umefanya nini?"

"Nimetazama grafu, Baba."

"Na jana?"

"Grafu."

"Majirani wanadhani unakesha ukitazama mbingu."

"Ninaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, kama karani wa posta. Picha zinaletwa na setilaiti. Mimi nazitazama kwenye kompyuta."

"Basi nionyeshe hiyo grafu," alisema Fundi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na hayakuwa na pa kwenda.

Mziwanda alivuta kiti akakaa karibu naye. "Ngoja nikueleze."

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la nne. Usinionee haya."

"Haya. Nyota kama jua letu ikizeeka, inavimba. Inavimba mpaka inashindwa kushikilia nguo zake za nje, zinaivuka na kutawanyika. Katikati kinabaki kiini kidogo, cha moto kupita kiasi, na hicho ndicho kinachoimulika gesi inayoondoka. Sisi huku tunaona wingu linalong'aa. Linaitwa nebula ya sayari."

"Sayari imeingiaje hapo?"

"Haijaingia. Watu wa zamani walikuwa na darubini dhaifu, wakaona kitu cha duara, wakadhani kinafanana na sayari. Jina likabaki."

"Kama jirani yetu yule tuliyemwita Mfupi tukiwa watoto," alisema Fundi. "Akaja akarefuka kuliko mlango, na bado ni Mfupi."

Mziwanda akacheka. "Sasa, mawingu mengine si duara. Langu limebanwa katikati kama mtu aliyekaza mkanda. Tunafikiri lenye umbo hilo, katikati yake hapana nyota moja, kuna nyota pacha. Moja ilipovimba ilimmeza mwenzake. Zikazunguka pamoja ndani ya gesi hiyo hiyo, zikizidi kusogeleana, mpaka gesi yote ikarushwa nje."

"Umeziona hizo mbili?"

"Hapana. Ziko mbali mno na zimekaribiana mno. Mimi naona nukta moja. Ila mwanga wa ile nukta unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa mpangilio."

Fundi aliinamisha kichwa upande. "Kwa hiyo na wewe unaijua mashine bila kuifungua."

Mziwanda alikaa na maneno hayo usiku kucha na kesho yake mchana kutwa. Ilimchukua siku mbili kuandika programu. Setilaiti ilikuwa imeikodolea macho nyota yake siku ishirini na saba mfululizo. Akageuza ule mwanga kuwa sauti: ukiongezeka, sauti inapanda na kuwa nyembamba, ukipungua, inashuka na kuwa nzito. Kupanda na kushuka kumoja, ambako angani kulichukua saa tatu na dakika kumi na nane, akakubana kuwe sekunde moja. Siku ishirini na saba zikawa dakika tatu na ushei. Jioni hiyo akamvisha baba yake hedifoni, akabonyeza, akasimama pembeni roho ikiwa juu kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikiwa upande.

"Ni hiyo?"

"Ni hiyo, Baba."

"Ina vumbi," alisema, akimaanisha ule mchakacho wa chini kama mvua kwenye bati. Kisha uso wake ukalainika kwa namna ambayo Mziwanda hakuwa ameiona tangu karakana ifungwe. "Lakini inafanya kazi. Rudisha mwanzo."

Tangu siku hiyo, chai ya jioni ikawa na nyota yake. Fundi aliisikiliza mara mbili, mara tatu, vidole vikigonga meza. Mziwanda alipika huku akimtazama, akajisikia mtu mwema. Siku ya tano mzee akavua hedifoni sikio moja.

"Mziwanda, mashine yako inachechemea."

"Inachechemeaje?"

"Mguu mmoja mzito, mwingine mwepesi. Inashuka sana, halafu inashuka kidogo. Sana, kidogo. Sana, kidogo." Aligonga meza kwa vidole viwili, cha kati kwa nguvu na cha shahada taratibu.

"Hilo ni vumbi, Baba. Namba hizi zina makosa madogo madogo, hayakosekani."

"Vumbi nalijua. Vumbi halina adabu, linakuja linavyotaka. Hiki kina zamu."

Alisema tena kesho yake. Mziwanda akaitikia "mm" na kuendelea kukata vitunguu.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne, na Jumanne hiyo ilikuwa mbaya. Mziwanda alitoka kwa msimamizi wake, mama mmoja mwenye mvi ambaye wanafunzi walimwita Profesa Rudia kwa kuwa neno hilo ndilo alilopenda kuandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya kazi zao. Makala ya kwanza ya Mziwanda ilitakiwa kutumwa kwenye jarida Ijumaa. Ilidai, kwa kurasa kumi na nne, kwamba mwenzake wa kile kiini ni kinyota kidogo cha baridi, kinachopashwa moto upande mmoja, na kila upande huo unapotugeukia ndipo mwanga unapopanda. Profesa alikuwa ameandika "Rudia" mara nne, zote kuhusu lugha. Mziwanda alifika nyumbani kichwa kinamgonga, akamkuta mzee amevaa hedifoni, na kabla hajavua viatu:

"Bado inachechemea, mama. Mimi ningekuwa wewe—"

"Baba, tafadhali!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nimekaa na namba hizi miaka miwili. Wewe umezisikia wiki moja. Hii si cherehani!"

Fundi alivua hedifoni. Akakunja waya wake taratibu, akapapasa ukingo wa meza ili asije akaiangusha, akaiweka.

"Sawa, mwanangu," alisema.

Angejibu kwa hasira ingekuwa nafuu. Kesho yake hakuuliza leo umefanya nini. Alifungua redio, akasikiliza bei za mazao mpaka zikaisha, akaaga akaenda kulala. Na Alhamisi asubuhi Mziwanda, akipiga mswaki, alimsikia kwenye simu chumbani kwake.

"Njoo Jumamosi... Hapana, hajanifukuza, acha maneno yako. Ana kazi nyingi, na mimi nimekaa njiani kama kiti kibovu... Ndiyo. Jumamosi."

Alisimama na mswaki mdomoni mpaka povu likamdondokea kwenye blauzi. Angeingia kumwambia nini? Alibadilisha blauzi, akaenda kazini.

Ofisi ya wanafunzi wa uzamivu ilikuwa chumba kirefu chenye meza sita na dirisha moja lisilofunguka. Asubuhi hiyo alikuwa peke yake. Alifungua faili la ile sauti, akajiambia kwamba analifuta kwa sababu linajaza nafasi kwenye kompyuta. Hakulifuta. Alivaa hedifoni, akafumba macho.

Hakusikia kitu. Kupanda, kushuka, kupanda, kushuka, vyote sawa, na ile mvua kwenye bati. Akarudisha mwanzo. Akaweka vidole viwili mezani, cha kati na cha shahada, akaviacha vigonge kufuata sauti, na akajilazimisha asifikirie grafu. Katikati ya dakika ya pili kidole cha kati kikaanza kuzidi. Alifikiri ni yeye anakizidisha. Akabadilisha mkono, na kidole kizito kikawa kizito pale pale kilipotakiwa kuwa.

Mziwanda alifumbua macho.

Kwa miaka miwili alikuwa amechukua kila kupanda na kushuka na kukupanga juu ya kwingine, kana kwamba vyote ni kitu kimoja kinachojirudia. Mashuko mazito na mepesi yalikuwa yamelaliana, na tofauti yake ikaonekana kama mstari mnene, mchafu kidogo, ambao yeye aliuita makosa ya vipimo. Alibadilisha namba moja tu kwenye programu yake: badala ya saa tatu na dakika kumi na nane, akaandika saa sita na dakika thelathini na sita. Grafu ikachorwa upya. Yalikuwepo mabonde mawili, moja lenye kina kuliko lingine, na ule mstari mchafu ukawa mwembamba kama uzi.

Alijua maana yake papo hapo. Hapakuwa na kinyota cha baridi. Palikuwa na viini viwili vya moto, vyote vizee, vimekaribiana kiasi cha kuvutana na kurefushana kama mayai. Kila mzunguko mmoja vilituonyesha mbavu zao mara mbili na ncha zao mara mbili, na ncha za upande mmoja hazikuwa sawa na za upande wa pili. Kurasa kumi na nne zilikuwa zimekwisha.

Alikimbia na kompyuta ikiwa wazi mikononi hadi kwa Profesa Rudia. Profesa alitazama grafu kwa muda mrefu, miwani ikiwa imeshuka puani.

"Nani ameona hili?"

"Baba yangu. Ila hajaliona, amelisikia. Haoni."

"Ni mwanafizikia?"

"Fundi cherehani."

Profesa alivua miwani. "Mimi nimeisoma rasimu yako mara tatu," alisema, kama anayeongea peke yake. "Nikakusahihisha nukta na mkato." Akachukua ile makala, akaandika "Rudia" kubwa juu ya ukurasa wa kwanza, akasita, kisha akaongeza chini yake: "sote wawili."

Mziwanda hakungoja saa kumi na moja. Alifika nyumbani adhuhuri, akamkuta Fundi amekaa kitandani, begi limefunguliwa, anakunja mashati kwa kupapasa mishono.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umewahi. Unaumwa?"

"Siumwi." Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda, karibu na magoti ya baba yake, kama alivyokuwa akikaa karakanani akiwa mdogo. "Inachechemea," alisema.

Mikono ya Fundi ikatulia juu ya shati.

"Ni kama ulivyosema. Mguu mzito, mguu mwepesi. Nimepima. Kila kitu nilichoandika kilikuwa kimekosewa, na ningekituma kesho dunia nzima ikisome."

"Mm."

"Nilikujibu vibaya, Baba. Nisamehe."

"Ulikuwa umechoka."

"Hata kama nilichoka. Ulikuwa unaniambia ukweli nami nikakufokea."

Fundi alitafuta kichwa chake, akakipata sikio kwanza, kisha nywele. "Sikutaka kukufundisha kazi yako," alisema. "Mtu akizoea kuamka na kuna kitu kinamngoja mezani, halafu siku moja anaamka meza tupu... Uliniletea kazi, mama. Hukujua kwamba ni kazi, ulidhani ni burudani. Mimi nilijua."

Mziwanda alilia, akajipangusa kwa mkono wa lile shati, na mzee alipogundua akasema lile lilikuwa safi.

Jumamosi Dada alifika na gari la kukodi na mdomo uliojiandaa kwa vita. Akawakuta wawili hao wanakunywa chai, kila mmoja na hedifoni sikio moja. Alielezwa yote, akasikiliza mikono kiunoni.

"Kwa hiyo nimetoka huko kote, kumbe mmepatanishwa na nyota."

"Nakuja hata hivyo," alisema Fundi. "Nimeshawaahidi wajukuu. Lakini wiki tatu tu, na runinga moja izimwe."

Akaenda. Nyumba ikawa kubwa. Kila jioni Mziwanda alimpigia simu, na sasa alikuwa na cha kueleza zaidi ya neno grafu. Profesa alikuwa amewaandikia wenzake wenye darubini kubwa ng'ambo, akawaomba wazichambue rangi za mwanga wa ile nyota. Kama ni mbili kweli, alimweleza baba yake, basi moja ikija kwetu nyingine inaondoka, na alama zao kwenye rangi zitaachana, moja ikisogea huku na nyingine kule.

"Na zisipoachana?"

"Basi wewe na mimi tumepotea njia pamoja."

"Si vibaya," alisema Fundi. "Nimewahi kupotea na watu wabaya zaidi."

Majibu yalikuja siku ya kumi na saba, saa tano asubuhi, kwenye barua pepe yenye mistari miwili na picha moja. Mziwanda aliitazama picha, akaondoka ofisini bila kumwambia mtu, akapanda basi, na baada ya saa tatu akagonga mlango wa dada yake. Fundi ndiye aliyefungua. Alimjua kwa hodi yake.

"Zimeachana," alisema Mziwanda.

Mzee alimkumbatia pale pale mlangoni, wajukuu wakichungulia nyuma yake bila kuelewa nani ameachana na nani. Baadaye akauliza kama hizo nyota zitakuja kugongana. Mziwanda akamwambia ndiyo, zinakaribiana kidogo kidogo, ila bado mamia ya mamilioni ya miaka. "Basi kuna muda wa kula," alisema Fundi, na Dada akapakua.

Alirudi kwa Mziwanda wiki ile ile. Mwezi uliofuata Profesa Rudia alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha jikoni, na kumletea Fundi sauti za nyota nyingine tatu. Ya kwanza alisema haina kitu, na haikuwa na kitu. Ya pili alisema ina mdundo mmoja safi, na kweli. Ya tatu aliapa kwamba inachechemea vibaya sana, na Profesa akaipima wiki nzima kabla ya kugundua kuwa kilichokuwa kikichechemea ni setilaiti. Fundi alikasirika siku nzima. "Wangeniambia kwamba na chombo nacho kinasikika," alinung'unika, na tangu hapo hakusikiliza nyota yoyote kabla hajasikilizishwa kwanza sauti ya chombo.

Mziwanda alitetea tasnifu yake mwaka uliofuata, saa nne asubuhi, katika ukumbi mdogo wenye viti vya mbao. Fundi alikaa mstari wa mbele katika suti aliyojishonea zamani, Dada kushoto kwake. Watahini walikuwa watano. Wa tatu, mzee mmoja aliyekuwa amekunja uso tangu aingie, aliuliza ni nini kilichomfanya ashuku kwamba kipindi cha mwanzo kilikuwa nusu tu ya kile cha kweli, wakati hesabu zote zilimwambia vingine.

"Baba yangu alisikia," alisema Mziwanda. "Yuko hapa. Nimemtaja ukurasa wa tatu."

Mtahini aliufungua ukurasa wa tatu, akausoma, akakunjua uso. "Tunaweza kumwona?"

Fundi alisimama. Alivuta koti lake likae sawa, akainua kidevu, na kwa heshima zote akaukabili ukuta wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu. Dada alianza kuinua mkono, lakini Mziwanda alikuwa ameshashuka jukwaani. Alimshika baba yake mabega yote mawili, akamgeuza taratibu mpaka akawakabili watahini.

"Wako hapo, Baba. Watano."

"Shikamooni," alisema Fundi, na watahini wote watano, pamoja na wale aliowazidi umri, wakaitikia. Mziwanda alimwacha amesimama, akapanda tena jukwaani, na mtahini wa nne akamuuliza swali gumu kuliko yote ya siku hiyo.